Mutoto “hana akili”? Buletini haisemi yote

HOMBO – Kila mwisho wa mwaka wa masomo, kuanzia Hombo mpaka Walikale, kuanzia Masisi mpaka Bunyakiri, wazazi wanapokea buletini na jambo la kwanza wanatafuta ni asilimia. Mwenye 75 anapigiwa makofi. Mwenye 48 anasikia neno ambalo linaweza kumufuata maisha yote: “Wewe hauna akili.”

Huku mashariki neno hilo lina bei kali. Mutoto aliyeitwa mujinga mara kumi haoni tena sababu ya kuvaa bulu na nyeupe. Mvulana anaenda kubeba mifuko kwenye machimbo, ao anajifunza kuendesha moto ya mutu mwingine, ao anashawishiwa na wenye silaha. Musichana anaolewa mbele ya wakati. Na mara nyingi sana, mutoto aliyeacha hivyo hakuwa mujinga hata kidogo. Alikuwa na akili ambayo hakuna mutu aliiuliza swali.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mutu ana zake. Wachunguzi wa mambo ya akili wamekuja kusema jambo lenye kukaribiana na hilo, na baadhi ya uchunguzi wao ulifanyika karibu na hapa, Kenya na Zambia.

Buletini inapima nini?

Buletini ya shule ya msingi ina mistari mingi. Kuko Kifaransa, Kiswahili, hesabu, sayansi. Chini kidogo kuko kuchora, kuimba, michezo na kazi ya mikono. Lakini pointi hazigawanywe sawasawa. Lugha na hesabu ndizo zinabeba muzigo. Mutoto anayechora vizuri kuliko shule nzima hawezi kuinua asilimia yake kwa kuchora.

Tena kuko swali la lugha. Mutoto wa Hombo anaweza kuongea Kitembo ao Kinyanga nyumbani. Wa Masisi anaongea Kihunde ao Kinyarwanda. Sokoni anaongea Kiswahili. Katika madarasa ya kwanza Kiswahili kinamusaidia, kisha Kifaransa kinaingia na kinachukua nafasi yote, mpaka mutihani wa mwisho wa darasa la sita. Kwa hiyo swali la hesabu lililoandikwa kwa Kifaransa linapima vitu viwili kwa mara moja: kama mutoto anajua hesabu, na kama anaelewa Kifaransa. Akikosa jibu, buletini haionyeshi ni wapi alikwama.

Tuchukue mufano wa mutoto wa darasa la tano anayemusaidia mama yake kuuza mawese. Bidoni ya litre 20 imenunuliwa kwa bei fulani, inauzwa kwa chupa kubwa na kwa chupa ndogo, muteja mumoja amelipa dola, mwingine amelipa franka na anadai arudishiwe. Mutoto yule anajua mbele ya mama yake kama siku ile kuko faida. Asubuhi, darasani, anakutana na swali lile lile kwenye tablo, lenye maneno “prix d'achat” na “bénéfice”. Anabaki kimya.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1985, watafiti 3 wa Brazili walitoa matokeo ya watoto 5, wa miaka 9 mpaka 15, waliokuwa wanauza vitu barabarani katika muji wa Recife. Walipoulizwa hesabu sokoni, kama wateja wanavyouliza, walijibu sawa karibu mara 98 kwa 100. Walipopewa hesabu za namba zile zile kwa kreyo na karatasi, bila ndizi wala nazi, walipata sawa karibu mara 37 tu kwa 100. Watoto ni wale wale, na hesabu ni zile zile. Kilichobadilika ni namna ya kuuliza. Uchunguzi ulikuwa mudogo, lakini mwalimu yeyote aliyefundisha watoto wa wachuuzi anaweza kujua unaongelea nini.

Mutihani wa akili ulitoka wapi

Watu wengi wanafikiri kipimo cha akili kilitengenezwa ili kutenga wenye akili na wasio nayo. Hapana. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda kamati ya kutafuta namna ya kutambua watoto ambao walihitaji kusaidiwa zaidi shuleni. Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitoa kipimo chao cha kwanza mwaka 1905. Binet mwenyewe aliwapinga wale waliosema akili ya mutoto ni kitu kilichofungwa, kisichoweza kuongezeka. Kwake, kipimo kilikuwa cha kusaidia kujua ni mutoto gani anahitaji musaada zaidi.

Kisha kipimo kilivuka bahari. Huko California, Marekani, profesa Lewis Terman alianza mwaka 1921 kuchagua watoto wenye alama za juu sana na kuwafuata maisha yao yote. Walikuwa zaidi ya 1500. Wengi walifaulu vizuri: waganga, walimu wa chuo kikuu, wanasheria. Lakini hakuna hata mumoja wao aliyepata tuzo ya Nobel. Na wavulana wawili ambao kipimo kiliwaacha inje, William Shockley na Luis Alvarez, waliipata katika fizikia, mumoja mwaka 1956, mwingine mwaka 1968. Shockley alikuwa mumoja wa wale walioleta transista, kile kidude kidogo kilichofanya redio iweze kubebwa mukononi mpaka shambani.

Kipimo hakikusema uongo. Kilipima kitu fulani, na kile kitu kinasaidia sana katika masomo. Ila hakikuona kila kitu.

Akili za namna nyingi

Mwaka 1983, Howard Gardner wa chuo kikuu cha Harvard alitoa kitabu ambamo alisema kuongelea akili kama kitu kimoja ni kosa. Alihesabu saba, baadaye akaongeza ya nane. Zikiwekwa katika maisha ya huku, zinaonekana hivi:

– Akili ya maneno: mutoto anayesimulia hadithi ya bibi bila kusahau hata kipande, na wote wananyamaza kumusikia.

– Akili ya hesabu na ya kufuata sababu: yule anayeuliza “juu ya nini?” mpaka watu wazima wanachoka.

– Akili ya picha na nafasi: yule anayetengeneza gari la mianzi ao la mukebe wa sardini, na usukani unageuza magurudumu kweli.

– Akili ya muziki: anayeshika ngoma ya kwaya kisha kuisikia mara moja tu.

– Akili ya mwili: muchezaji wa mupira, muchezaji wa ngoma, fundi mudogo ambaye mikono yake haikosee.

– Akili ya kuelewana na watu: anayemaliza ugomvi wa wenzake mbele mwalimu hajafika.

– Akili ya kujijua mwenyewe: mutoto mutulivu anayejua anachoweza, anachoogopa na anachotaka.

– Akili ya kujua viumbe: anayetambua ndege kwa sauti, anayejua ni jani gani mbuzi haipaswe kula.

Orodha hii imependwa sana na walimu dunia nzima. Inafaa kuipokea kwa uangalifu. Wataalamu wengi wa saikolojia wanaikataa, kwa sababu vipimo havijaonyesha kwamba akili hizo ni nane zinazosimama kila moja peke yake. Mutoto mwenye nguvu katika moja mara nyingi ana nguvu katika nyingine pia. Wengine wanasema baadhi yake ni vipaji tu, si akili. Kwa hiyo orodha ya Gardner itumikishwe kama taa ya kumulika pembe za darasa ambazo hazionekane, si kama sanduku nane za kufungia watoto.

Wenzake wengine walienda njia fupi zaidi. Robert Sternberg aliongelea akili tatu: ya kuchambua, ambayo shule inapima, ya kubuni, na ya kutenda, ile inayotatua shida za kila siku. Joseph Renzulli, mwaka 1978, alisema mutoto mwenye kipaji kikubwa anaonekana pale mambo matatu yanakutana: uwezo uliopita wa kawaida, ubunifu, na kushikamana na kazi mpaka iishe. Hilo la tatu linafaa kukumbukwa. Mutoto anayekaa siku nne juu ya redio iliyokufa, bila mutu kumutuma, anaonyesha jambo ambalo hakuna dikte itakayolionyesha.

Kenya: wanaojua dawa, na wanaojua Kiingereza

Uchunguzi wenye kugusa zaidi watu wa vijiji vya huku ulifanyika Usenge, kando ya ziwa Victoria, upande wa Kenya, kwa Waluo. Sternberg na wenzake walitoa matokeo mwaka 2001. Walichukua watoto 85 wa miaka 12 mpaka 15. Huko minyoo na magonjwa kama hayo ni ya kila siku, na watoto wanajua majani ya kujitibisha: ni jani gani, la ugonjwa gani, kiasi gani. Watafiti walitengeneza maswali juu ya ujuzi huo, kisha wakawapa watoto wale wale vipimo vya shule, pamoja na maneno ya Kiingereza.

Wengi wangefikiri kwamba anayejua huku atajua na kule. Ilikuwa kinyume. Waliokuwa wa kwanza katika ujuzi wa dawa walielekea kuwa na alama za chini katika vipimo vya shule, zaidi sana katika Kiingereza. Maelezo ambayo watafiti walitoa ni ya kawaida: jamaa zingine zinaweka nguvu katika shule, zingine zinaona shule haitaleta kitu na zinamufundisha mutoto kazi za kijiji. Mutoto anakua pale alipomwagiliwa maji.

Watafiti hao hao waliuliza wazee wa Kiluo wanamuita nani mutoto mwenye akili. Walipata maneno manne. Rieko ni ujuzi na maarifa, na ndilo linakaribia ya shule. Luoro ni heshima. Winjo ni kuelewa namna ya kushugulikia mambo ya maisha. Paro ni kuanza jambo mwenyewe bila kusukumwa. Shule inapima kipande cha neno moja kwa manne. Mzazi wa Kitembo, wa Kinyanga ao wa Kihunde anaweza kujiuliza lugha yake ina maneno gani ya kumusifu mutoto mwenye akili, na ni mangapi kati ya hayo yanafika kwenye buletini.

Zambia nayo inaleta ushahidi wake. Mwaka 1979 Robert Serpell alitoa matokeo ya kulinganisha watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester, Uingereza. Wote waliombwa kuiga mifano. Kwa kreyo na karatasi, wa Manchester walishinda. Kwa waya, ambao watoto wa Lusaka wanatumikisha kutengeneza magari ya kuchezea, wa Lusaka walishinda. Kwa udongo, ambao wote waliujua, hawakuachana. Kama kipimo kingekuwa cha karatasi tu, mutu angeandika kwamba watoto wa Lusaka hawajui maumbo.

Kipaji kinajificha wapi

Kwenye darasa la watoto wengi, na madarasa yalijaa zaidi tangu shule ya msingi ya serikali ilipofanywa ya bure mwaka wa masomo 2019-2020, mwalimu anawaona wawili: yule anayejibu haraka na yule anayesumbua. Wenye kipaji wanaweza kuwa kwingine kabisa.

Kuko yule anayesumbua juu amemaliza zoezi kwa dakika tano na hana kingine cha kufanya. Kuko yule anayekosa heshima kwa sababu anamusahihisha mwalimu. Kuko musichana aliyejifunza kunyamaza, anayefika amechelewa juu ya maji na mudogo wake wa mugongoni. Kazi ya nyumbani anaifanya usiku kwa mwangaza wa simu. Kuko mutoto wa wakimbizi wa ndani aliyebadilisha shule mara tatu, anayeangalia dirisha sababu kila kelele inamukumbusha siku walikimbia. Kuko yule asiyeona tablo vizuri, ao asiyesikia vizuri, na hakuna aliyemupima. Kuko yule mwenye kuchanganya herufi, anayeandika kama mutoto wa darasa la kwanza, lakini akiulizwa kwa mudomo anaeleza kuliko wote.

Mambo haya yanachanganyika. Njaa, woga na macho mabovu vinaweza kufunika akili, na kutoka inje vyote vinafanana na uvivu.

Mufano wa Richard Turere unaonyesha kipaji kinavyoweza kukaa inje ya darasa. Alikuwa mutoto wa Kimasai, muchungaji wa ng'ombe za baba yake karibu na hifadhi ya wanyama ya Nairobi. Simba walikuwa wanakuja usiku kula ng'ombe. Kwa kufungua vyombo vya umeme vya nyumbani alijifunza namna vinavyofanya kazi, akaona kwamba simba wanaogopa mwanga unaotembea, akatengeneza taa za kuwaka na kuzima zenyewe zamu kwa zamu, kwa betri ya gari, sahani ya jua na vipande vya taa za pikipiki. Hakuwa amefundishwa umeme. Taa zake zilipojulikana, alipata nafasi ya kusoma bure katika shule kubwa ya Nairobi. Shule ndiyo iliyoendeleza kile mikono ilianzisha.

Onyo moja kwa wazazi na walimu

Hapa ndipo wengi wanateleza. Wakisikia kuko akili za namna nyingi, wanasema: “Basi huyu ni wa mikono, mutafutie garage. Yule ni wa kuimba, kusoma si kwake.” Hilo ni neno lile lile la “hauna akili”, limevalishwa nguo mupya.

Mutoto mwenye mikono ya fundi anahitaji kusoma kitabu cha moteri, kuhesabu vipimo, kuandika facture. Anayejua majani ya dawa anahitaji kusoma ndipo siku moja awe muuguzi ao mwenye kutunza musitu. Kutambua nguvu ya mutoto kunasaidia kupata mulango wa kuingilia, si sababu ya kumufungia milango mingine. Na mutoto wa miaka kumi hajaisha kukua: asiyekuwa na kitu leo anaweza kuamuka mwaka kesho.

Yanayowezekana hata bila pesa

Mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kumupima kila mumoja. Lakini anaweza kufanya machache.

Anaweza kuuliza swali moja kwa njia mbili: kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, na kuona nani anaamuka katika ya pili. Huyo hana shida ya hesabu. Shida yake ni ya lugha, na dawa yake ni ingine. Anaweza kumuomba mutoto aeleze kwa mudomo, achore, ao aonyeshe kwa mawe na vijiti. Anayemaliza haraka apewe swali gumu zaidi, ao amusaidie mwenzake, asibaki bure mpaka aanze fujo. Saa ya kuchora na ya kazi ya mikono ilindwe, sababu ndiyo saa ambayo wengine wanaonekana. Na kaye moja tu inatosha kwa kuandika, mwezi kwa mwezi, jambo moja ambalo kila mutoto alifanya vizuri, hata kama halimo katika buletini.

Mzazi naye ana kazi. Mbele ya kuuliza “umepata ngapi?”, amuulize mutoto “ni nini ulipenda, ni wapi ulikwama?” Aangalie mutoto anafanya nini wakati hakuna aliyemutuma. Aende kuongea na mwalimu, si siku ya buletini tu, na amuambie yale anaona nyumbani: huyu anahesabu vizuri sokoni, huyu anatengeneza redio za majirani. Mwalimu hawezi kuyajua peke yake. Na macho ya mutoto yapimwe mbele ya kusema ni muvivu.

Wakati mukubwa zaidi wa kuangalia vizuri ni mwisho wa darasa la nane la elimu ya msingi, pale watoto wanafanya TENASOSP, mutihani wa taifa wa kuchagua na kuelekeza. Baada ya hapo mutoto anaelekea masomo ya jumla, ya ufundi ao ya kazi. Watu wengi huku wanaona ufundi kama shimo la walioshindwa, na pédagogie kama njia ya asiye na njia, sababu ndiyo option iko karibu na nyumba. Mutoto mwenye akili ya kutenda akitupwa katika masomo asiyoyapenda, ao mwenye hesabu kali akikosa section ya kufaa, kosa hilo linakula miaka minne. Yule aliyeandikiwa kaye ya nguvu zake tangu darasa la tatu anafika siku hiyo na kitu cha kuonyesha zaidi ya asilimia.

Buletini itaendelea kuja, na ni vizuri ije: mutoto anapaswa kujua Kifaransa na hesabu, na pointi zinaonyesha wapi bado. Lakini ikisomwa, isomwe kama karatasi inayosema mutoto alijibu nini kwa maswali aliyoulizwa. Maswali ambayo hakuulizwa bado yako, na wenye kuyauliza ni wazazi wake na walimu wake.